Barua ya wazi kwa wakuu wa wodi za wazazi Mombasa: mama mwenye sukari anyonyeshe, na anyonyeshe salama

Kwa Msimamizi Mkuu wa hospitali,
Daktari Mkuu wa kitengo cha wazazi,
Matroni wa wodi ya wazazi na sista mkuu wa nasari ya watoto wachanga,
na kwa wote wenye kauli juu ya afya ya mama na mtoto hapa Mombasa.

KUH: AKINA MAMA WENYE SUKARI KUKATAZWA KUNYONYESHA NA KUACHWA BILA MSAADA

Wakubwa wangu, assalaam aleikum, na wasio Waislamu pia nawasalimu kwa heshima zote.

Jina la hospitali silitaji. Nyinyi wenyewe mkisoma mtajijua, na hospitali nyengine nazo zitajiona humu manake haya hayako kwenu peke yenu, wazazi wenzangu wa Kisauni, Changamwe, Jomvu mpaka huku kwetu Likoni tukikaa kwenye benchi la kliniki tukianza kuhadithiana twakuta hadithi ni moja. Nilianza kwa njia za adabu. Nilizungumza na matroni ana kwa ana, nikaandika barua nikaipeleka afisini ikapigwa muhuri wa kupokelewa, nikatia karatasi kwenye sanduku la maoni, kila mahali naambiwa "tumesikia mama, tutashughulikia". Mpaka leo sijajibiwa hata mstari mmoja, na juzi tu mwanamke wa mtaani kwetu kajifungua hapo hapo kafanyiwa yale yale niliyofanyiwa mimi. Ndio maana sasa naandika hadharani.

Mimi nina sukari ile aina ya kwanza, nadunga insulini tangu niko skuli. Mimba yangu niliichunga, napima asubuhi kabla ya chai, napima baada ya kula, napima usiku, na kliniki sikukosa. Kwa hivyo sizungumzi kama mtu asiyejua ugonjwa wake. Na sikuja kuwashtaki manesi, manesi wale wafanya kazi ya watu wanne wanne, kuna sista mmoja wa zamu ya usiku ambaye mpaka leo namuombea dua. Ninacholalamikia ni utaratibu, ama niseme kutokuwepo kwa utaratibu, kwa hivyo kila mama anategemea bahati ya nani yuko zamu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Twaambiwa maziwa yetu yana sukari

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu halisemwi na majirani barazani, lasemwa ndani ya wodi na mtu aliyevaa yunifomu. Mimi niliambiwa "wewe una sukari, mpe kopo tu, usije ukamtia mtoto ugonjwa". Jirani yangu wa kitanda cha pili, yeye sukari ilimwanza na mimba, akaambiwa asubiri mpaka sukari yake ikae sawa ndio anyonyeshe. Mwengine alikuwa anatumia metfomini akaambiwa achague, dawa ama titi.

Wakubwa, hayo si kweli na nyinyi madaktari mwajua si kweli. Sukari si ugonjwa wa kuambukizana, si kwa maziwa si kwa njia nyengine yoyote. Maziwa ya kila mwanamke, mzima na mgonjwa, yana sukari yake ya asili inayoitwa laktosi na hiyo ndiyo inayompa mtoto nguvu. Insulini ni protini, hata ikipita kwenye maziwa tumbo la mtoto laisaga kama protini nyengine, na tena maziwa ya mama ambaye hajawahi kuugua sukari maishani mwake pia yana insulini ndani. Metfomini hupita kwa kiasi kidogo mno, na mwongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya matibabu, umeiruhusu waziwazi kwa anayenyonyesha. Kweli viko vidonge vyengine vya sukari ambavyo havifai wakati wa kunyonyesha, lakini hapo kazi ya dokta ni kubadilisha kidonge. Titi halina kosa.

Na faida wanayonyimwa akina mama hawa ni kubwa. Kunyonyesha kunatumia nguvu nyingi mwilini na kunasaidia kushusha sukari ya mama, na kwa wale wa sukari ya mimba tafiti zimeonyesha kwamba anayenyonyesha anapunguza uwezekano wa kuja kupata sukari aina ya pili mbeleni. Yani huyu huyu mnayemuogopea sukari ndiye mnayemnyima kinga yake.

Halafu mfikirie mwanamke wa Kiislamu ambaye amekuwa akisikia tangu utotoni ile aya ya Al-Baqara, 233, kwamba mama hunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, leo anaambiwa na mtu wa hospitali kwamba maziwa yake ni ugonjwa. Nimewaona wanaolia kwa hilo. Mama mkwe yuasikia, mawifi wasikia, na neno likishatoka hospitali hakuna wa kulipinga nyumbani.

2. Watoto wetu wapelekwa nasari na kupewa kopo kabla hawajaonja titi

Naelewa wasiwasi wenu, na nataka mjue naelewa. Mtoto wa mama mwenye sukari akizaliwa, sukari yake inaweza kushuka. Kule tumboni alikuwa apokea sukari nyingi kutoka kwa mamake, kongosho lake likazoea kutoa insulini nyingi, sasa kitovu kikikatwa ile sukari yakatika ghafla lakini insulini bado iko mwilini. Hatari hiyo iko na ikipuuzwa inaweza kumdhuru mtoto ubongo. Hapo hatuna ubishi.

Ubishi uko kwenye dawa yake. Ule mwongozo wa NICE wasema mtoto alishwe mapema iwezekanavyo, ndani ya dakika 30 baada ya kuzaliwa, halafu kila baada ya saa 2 mpaka 3, apimwe sukari, na akae na mamake isipokuwa akiwa na tatizo la kitabibu linalohitaji uangalizi maalum. Shirika la Afya Duniani nalo lasema kwa kila mtoto, titi ndani ya saa 1 ya mwanzo. Sasa mtoto wangu mimi alizaliwa kwa oparesheni, kalia vizuri, rangi nzuri, akapelekwa nasari kwa sababu tu kwenye faili pameandikwa mama ana sukari. Hakupimwa kwanza. Nilipouliza sukari ya mtoto ni ngapi nikajibiwa "ashapewa maziwa huyo, pumzika". Huku nyuma nimelala na mshono wangu, dang'a ile ya manjano yatoka yenyewe nikibonyeza, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunipa hata kikombe nikaikamulia kwenye leso. Ile leso niliikunja nikaiweka kando ya mto. Dang'a ile ilikuwa ya mtoto wangu, matone ambayo yangeingia kwenye kijiko cha chai yakapelekwa kinywani mwake, na kijiko cha chai kwa mtoto wa siku moja si haba.

Hata sukari ya mtoto ikishuka kidogo bila kuonyesha dalili, kuna jeli ya glukosi inayosuguliwa ndani ya shavu halafu mtoto akawekwa kwenye titi. Utafiti wa New Zealand uliochapishwa 2013 ulionyesha jeli hiyo inapunguza watoto wanaotenganishwa na mama zao kwa sababu ya sukari kushuka. Si mashine kubwa, ni jeli.

Nami sisemi kopo lisitumike kabisa. Mtoto akipimwa, sukari ikawa chini, titi na dang'a havikutosha, dokta akaamua, mpeni na mnieleze kwa nini, nitashukuru. Nisemalo ni kwamba lisiwe ndio jambo la kwanza, kimya kimya, bila kipimo na bila kumuuliza mama. Kenya tuna sheria ya kudhibiti maziwa ya kopo tangu 2012 na haikutungwa bure.

3. Dozi ya insulini haibadilishwi baada ya kujifungua, na hii ndio hatari yenyewe

Hapa naomba msome polepole.

Mimba ikiwa kubwa, kondo la nyuma linatoa homoni zinazofanya insulini isifanye kazi vizuri, ndio maana miezi ile ya mwisho dozi inapanda na kupanda. Kondo likishatoka zile homoni zimetoka nalo. Saa hiyo hiyo mahitaji ya insulini yanaporomoka. Miongozo ya sukari ya wajawazito yasema hivyo, mama wa insulini apunguziwe dozi mara tu anapojifungua na apimwe mara kwa mara. Ukiongeza na kunyonyesha, ambako kunavuta sukari ya mama, basi hatari ya sukari kushuka ni kubwa zaidi, hasa usiku.

Chati yangu ilibaki na dozi ile ile ya mimba. Niliuliza, nikaambiwa dokta hajabadilisha na sista hana ruhusa ya kubadilisha, na dokta atapita asubuhi. Chakula cha jioni cha wodi chaletwa mapema, jua bado liko juu, baada ya hapo hamna kitu mpaka chai ya asubuhi. Mtoto alikuwa ashaletwa, nimemng'ang'ania nimpe titi, na alikuwa avuta vizuri mashallah. Saa nane za usiku, namnyonyesha nimekaa, nikahisi jasho laniteremka shingoni na feni yazunguka. Midomo ikafa ganzi. Mkono uliomshika ukaanza kutetemeka na nikawa naujua ule mtetemeko ni wa nini lakini ulimi haunitii, nataka kuita sista natoa sauti tu. Mwenzangu wa kitanda cha pili ndiye aliyeshuka na maumivu yake, akamchukua mtoto, akanimiminia juisi mdomoni. Yule sista wa usiku alikuja mbio, akapima, mashine ikasoma 2.4. Kwa wasiojua, chini ya 4 ni sukari imeshuka. Akakaa na mimi, akapima tena baada ya dakika 15, akanipa mkate, na akamwamsha dokta kwa simu mpaka dozi ikapunguzwa. Huyo ndiye ninayemuombea dua.

Lau mwenzangu angekuwa amelala fofofo, mtoto angenidondoka. Ama ningezimika juu yake. Wakubwa, nyinyi mwaogopa maziwa ambayo hayana neno, na jambo linaloweza kumuua mama na mtoto kwa usiku mmoja liko kwenye chati yenu, limesainiwa.

Na hakuna aliyewahi kunifundisha yale maneno machache ambayo kila mama wa insulini anafaa kuambiwa kabla hajashika mtoto: pima kabla ya kunyonyesha usiku, kula kitu kidogo kabla ama ukiwa wanyonyesha, weka kando yako juisi ama glasi ya maji yenye vijiko vitatu vya sukari, ukihisi kutetemeka mlaze mtoto kwanza mahali salama halafu unywe, subiri dakika 15 pima tena. Hayo yangeweza kuandikwa kwenye karatasi moja ikabandikwa juu ya kitanda.

4. Maziwa yetu yakichelewa twahukumiwa kwamba hatuna maziwa

Kwa mama mwenye sukari maziwa yale mengi yanaweza kuchelewa kuingia, pengine siku moja ama zaidi kuliko wengine. Ni jambo linalojulikana. Dawa yake ni kumweka mtoto kwenye titi mara nyingi, mara 8 mpaka 12 kwa siku nzima, ngozi kwa ngozi, na kukamua kwa mkono katikati. Lakini kwenye wodi siku ya pili ikifika titi bado laini, mama ashaambiwa "wewe huna maziwa" na familia ishatumwa duka la dawa. Mtoto akishiba kopo hanyonyi, asiponyonya maziwa hayaji, halafu inaandikwa kwenye kijitabu kwamba mama hakuwa na maziwa.

Australia walifanya utafiti mkubwa uliochapishwa 2017, wanawake wenye sukari ambao mimba zao hazikuwa na matatizo mengine walifundishwa kukamua dang'a kidogo kidogo kuanzia wiki ya 36 na kuihifadhi, ikaonekana kwamba kwa wanawake hao haileti madhara. Mtoto akizaliwa dang'a ya mamake mwenyewe iko tayari. Sisemi kila mama afanye, dokta ndiye wa kusema nani afanye na nani asifanye, lakini kliniki nzima ya mimba sikuwahi kusikia hata ikitajwa, na wala hakuna aliyenionyesha kukamua kwa mkono, kitu ambacho ni somo la dakika kumi.

5. Chakula, na yale ya nyumbani

Hili nitalipitia haraka. Chai ya wodi yaja ishatiwa sukari, uji nao hivyo hivyo, hakuna chaguo. Na tukirudi nyumbani, mwajua wenyewe mzazi wa Mombasa ndani ya arobaini analishwa nini, uji wa pilipili manga wenye sukari tele, mahamri, kaimati, tende, kila anayekuja kumuona mtoto aja na sahani kwa mapenzi. Karatasi ya lishe niliyopewa ilizungumzia vyakula ambavyo sijaviona hata supamaketi. Nataka mtu wa lishe aniambie muhogo wa nazi nile kiasi gani, mbaazi je, samaki wa kupaka je, uji huo huo wa pilipili manga nikitengeneza bila sukari kuna shida? Mama anayenyonyesha hafai kujinyima akakaa na njaa, lakini hafai pia kuachwa akisie.

Ramadhani nayo. Wako wanaonyonyesha, wana insulini, na wafunga kimya kimya kwa kuona haya. Dini imetoa ruhusa kwa mgonjwa na kwa anayenyonyesha, lakini wanataka kuisikia kutoka kwa dokta pia. Waulizeni akina mama huko kliniki kabla ya mwezi kuandama, msisubiri mtu aletwe kwa tuktuk amezimia.

6. Kliniki ya sukari haijui nina mtoto, kliniki ya mtoto haijui nina sukari

Siku tofauti, jengo tofauti, faili tofauti. Sisi wa ng'ambo twavuka feri na kitoto mkononi, leo kwa chanjo, kesho kwa sukari, na ukifika kwa sukari waulizwa kwa nini umekuja na mtoto mchanga kwenye foleni ya wagonjwa. Dokta wa sukari hakuwahi kuniuliza kama nanyonyesha. Sista wa chanjo alimpima mtoto uzito akasema vizuri, akageuka kwa mwengine.

Walioumia zaidi hapa ni wale wa sukari ya mimba. Wao waambiwa "ishaisha, nenda nyumbani". Wanafaa kupimwa tena kati ya wiki ya 6 na ya 12 kujua kama kweli imeisha, na baada ya hapo wapimwe mara kwa mara maisha yao yote, manake wako kwenye hatari ya aina ya pili. Sasa chanjo za mtoto ziko wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Huyo mama atakuja tu, hakuna mama wa Mombasa anayekosa chanjo kirahisi. Mwambieni aje bila kula, mpimeni siku hiyo hiyo. Mbona hili halifanyiki? Nimeuliza na sijapata jibu.

Najua mtakachonijibu

Mtasema usalama wa mtoto kwanza. Nami nasema hivyo hivyo, ndio nataka apimwe, si kukisiwa.

Mtasema manesi ni wachache. Kweli, na serikali iwaajiri zaidi, nikiitwa kusema hayo nitasema. Lakini kupunguza dozi kwenye chati hakuhitaji nesi wa ziada, kwahitaji dokta mmoja na kalamu, pale pale kwenye chumba cha kujifungulia. Na kumchukua mtoto kumpeleka nasari, kumchanganyia kopo kila baada ya saa tatu, kumrudisha, hiyo nayo si kazi ya manesi? Mtoto akikaa kwa mamake mikono miwili ya bure ishapatikana.

Mtasema stripu za kupimia zimekwisha. Hapo kweli mara nyingi huwa zimekwisha, nimeona kwa macho yangu. Lakini familia zatumwa zikanunue kopo na chupa na hazipewi hata nafasi ya kuulizwa, mwataka tununue kopo ama tununue stripu? Tuambieni mapema kwenye kliniki ya mimba, tutajipanga, na wasio na uwezo nyinyi mpange bajeti yao kwa sababu idadi ya wajawazito wenye sukari mnayo kwenye rejista zenu.

Mtasema akina mama wenyewe ndio wataka kopo. Mama aliyeambiwa maziwa yako yatamdhuru mtoto atataka nini? Takwimu za taifa za 2022 zaonyesha watoto asilimia 60 walio chini ya miezi 6 wanyonya maziwa ya mama peke yake. Wakenya wapenda kunyonyesha.

Ninayoomba

Katiba ya 2010 kifungu cha 43 chanipa haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, na cha 53 kinampa mtoto haki ya lishe na matibabu. Kwa hivyo siombi fadhila. Naomba yafuatayo:

a) Utaratibu wa maandishi wa mama mwenye sukari, uwe kwenye chumba cha kujifungulia, wodi na nasari, na uanze na kubadilisha dozi ya insulini mara tu kondo linapotoka. Hili lisingoje mengine. Lianze kesho.

b) Mtoto akizaliwa mzima awekwe kifuani kwa mamake na apewe titi ndani ya dakika 30, waliopasuliwa nao pia, na apimwe sukari kwa ratiba inayojulikana. Akipelekwa nasari sababu iandikwe na mama aambiwe. Akipewa kopo sababu iandikwe na mama aambiwe.

c) Manesi wote wa wodi ya wazazi wapewe mafunzo kuhusu sukari na kunyonyesha, wakiwemo wa zamu ya usiku, na neno la "maziwa yako yana sukari" lipigwe marufuku wodini.

d) Kila mama wa insulini awe na kitu cha kula cha usiku. Hata kama ni ndizi na mkate.

e) Kukamua kwa mkono kufundishwe kwenye kliniki ya mimba, na vikombe vidogo viwepo wodini.

f) Siku moja kwa mwezi, kliniki ya sukari na ya mtoto zikae pamoja, na kipimo cha sukari baada ya kujifungua kifungwe na chanjo ya wiki ya 6 ama ya 10.

g) Matiti yetu yaangaliwe. Sukari ikiwa juu, fangasi za chuchu na titi kuvimba huja kwa urahisi, na wengi wameacha kunyonyesha kwa uchungu ambao ungetibika.

Mtoto wangu sasa anakaa, anashika miguu yake, na bado ananyonya. Sitaki fidia wala sitaki mtu afukuzwe kazi. Nataka jibu la maandishi ndani ya siku 30, na jibu hilo msiniletee mimi peke yangu nyumbani. Libandikeni kwenye ubao wa kliniki ya akina mama, kwa Kiswahili, pale karibu na mizani ya watoto ambapo kila mzazi husimama akingoja kuitwa, aseme kila mmoja kama lililoandikwa ndilo linalofanyika.

Wenu kwa heshima,
Mzazi wa Likoni, Mombasa